Tovuti ya FRUS kwa anayemchunguza Cheddi Jagan: hazina kubwa, shahidi wa upande mmoja

Cheddi Jagan alishinda chaguzi tatu mfululizo, 1953, 1957 na 1961, kisha akakaa upinzani karibu miaka 28 kabla ya kuapishwa kuwa Rais wa Guyana. Anayetaka kujua nini kilitokea katikati ana milango kadhaa ya kubisha, lakini hakuna unaofunguka haraka na bure kama history.state.gov, tovuti ya Ofisi ya Mwanahistoria katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Humo ndimo ulimo mfululizo wa Foreign Relations of the United States, ambao watafiti huuita FRUS kwa kifupi: nyaraka zilizokuwa za siri, zimechapwa upya, zimewekewa tanbihi, na kila waraka una kiungo chake cha kudumu.

Tathmini tunaitoa mapema. Kwa miaka ya 1961 hadi 1968, nyota nne kati ya tano. Kwa maisha mengine ya Jagan, yaani utoto wa Berbice, udaktari wa meno, pigo la 1953 na urais wenyewe wa 1992 hadi 1997, nyota moja, na hiyo ni kwa kuona haya. Anayeingia akitafuta wasifu atatoka na jalada la mashtaka lililoandikwa na watu waliotaka mtuhumiwa aondoke madarakani. Jalada hilo lina thamani kubwa sana, ila lisomwe kama lilivyo.

Yafuatayo ni mambo machache ya kuwa nayo kichwani kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, maana tovuti haimtambulishi mtu. Jagan alizaliwa 22 Machi 1918 huko Port Mourant, Berbice, mtoto wa wafanyakazi wa shamba la miwa wenye asili ya India. Alisoma Queen's College ya Georgetown, akaenda Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, kisha Northwestern, Chicago, alikohitimu udaktari wa meno mwaka 1942. Mwaka uliofuata alimwoa Janet Rosenberg, binti wa Chicago, na wote wawili wakaishia kwenye siasa za koloni la Uingereza lililoitwa British Guiana, Guyana ya leo. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1947. Chama chao, PPP, kilianzishwa 1 Januari 1950, na katika uchaguzi wa Aprili 1953 kikachukua viti 18 kati ya 24. Serikali hiyo ilidumu siku 133. Tarehe 9 Oktoba 1953 Uingereza ilisimamisha katiba na kuleta askari. Mwaka 1955 chama kiligawanyika, kiongozi mwenzake Forbes Burnham akaenda zake, na mgawanyiko huo ndio unaobeba kila kitu utakachokisoma baadaye.

Juzuu zipi, na jinsi ya kuingia

Zinazokuhusu ni juzuu mbili. Ya kwanza ni ya 1961–1963, Juzuu ya XII, inayohusu nchi za Amerika, iliyotoka mwaka 1996. Ya pili ni ya 1964–1968, Juzuu ya XXXII, ambamo Guyana imewekwa pamoja na Jamhuri ya Dominika, Kuba na Haiti. Hiyo ilitoka mwaka 2005. Kwa pamoja zina nyaraka zaidi ya 100 kuhusu nchi hii moja ndogo. Ukizingatia kwamba wakazi wake wakati ule hawakufika milioni moja, wingi huo pekee unaeleza ukubwa wa hofu iliyokuwapo.

Hakuna kujisajili wala kulipa. Juzuu nzima inapakuliwa kama kitabu cha kielektroniki cha EPUB au Mobi, na inasomeka vizuri hata kwenye simu. Kasoro yake ni kwamba unapakua juzuu yote: ukitaka Guyana peke yake lazima ubebe na kurasa nyingi za Santo Domingo. Kwa kazi ya haraka, soma mtandaoni, fungua orodha ya sura upande wa juzuu, ingia moja kwa moja kwenye sura ya British Guiana au Guyana, kisha endelea kwa mshale waraka baada ya waraka. Usianze na kisanduku cha utafutaji.

Wengi huanza nacho, na wengi hukosea hapo. Ukiandika Guyana, injini itakuletea hasa nyaraka za baada ya 26 Mei 1966, siku ya uhuru, kwa sababu kabla ya hapo waandishi wenyewe walitumia jina la koloni. Andika "British Guiana" ndani ya alama za kunukuu, kisha tafuta tena kwa jina Jagan peke yake, kisha kwa jina Burnham. Matokeo ya utafutaji huo mara tatu hayafanani, na nyaraka zisizofanana ndizo zenye habari: kuna nyaraka zinazomjadili Burnham kama mbadala, ambamo Jagan anatajwa mara moja tu au anaitwa "Premia", cheo cha mkuu wa serikali ya koloni. Tumia kichujio cha tarehe, la sivyo utazama kwenye mikutano ya Kuba ambako British Guiana ilipewa mstari mmoja.

Mstari mmoja wa namna hiyo, hata hivyo, usiurukie. Mapema katika sura ya 1961 kuna kumbukumbu fupi ya kikao cha Baraza la Usalama wa Taifa cha 5 Mei 1961, wiki chache tu baada ya uvamizi wa Bay of Pigs nchini Kuba kushindwa. Kikao kilikubaliana kwamba kikosi kazi cha Kuba ndicho kiangalie, kwa kushirikiana na Waingereza, namna ya kuzuia Wakomunisti wasiichukue British Guiana. Uchaguzi wenyewe ulikuwa bado miezi mitatu. Mtafiti anayeanzia kwenye ziara ya Jagan mjini Washington ya Oktoba hukosa hilo, kisha hushangaa kwa nini milango ilifungwa haraka vile.

Kila waraka unaanza na kichwa kinachosema ni telegramu, kumbukumbu ya mazungumzo au memoranda, nani kaandika kwa nani, wapi na lini. Chini kuna tanbihi ya chanzo. Tanbihi hiyo ya kwanza ndiyo yenye faida kuliko zote: inataja maktaba, mkusanyiko na jalada ambamo karatasi halisi imelazwa, mara nyingi Maktaba ya Kennedy huko Boston au ya Johnson huko Austin. Mhariri wa FRUS huchagua. Hachapishi kila kitu. Ukiona waraka unaokuvutia, nakili jina la jalada na ulifuate huko, maana karatasi zilizokaa jirani nalo ndizo ambazo mhariri aliziacha. Unaponukuu, tumia namba ya waraka badala ya ukurasa. Ukurasa ni wa toleo la karatasi na hausaidii anayesoma kwenye simu.

Orodha ya watu na orodha ya vifupisho mwanzoni mwa juzuu zipakue pembeni. Bila hizo utachanganyikiwa na vyama vya PPP, PNC na UF, na hutajua kwamba Melby ni konseli wa Marekani pale Georgetown wakati wa Kennedy, wala kwamba Carlson aliyekuja baadaye ndiye aliyegeuka balozi nchi ilipopata uhuru.

Nyaraka zenyewe: miezi minne iliyogeuza kila kitu

Nyota nne zimetokana na sehemu hii. Soma kwanza kumbukumbu ya mazungumzo ya Ikulu ya 25 Oktoba 1961. Jagan, Premia mpya, amekuja kuomba msaada wa maendeleo. Anaeleza ujamaa wake kwa kirefu, na kwa kirefu kupita kiasi, jambo ambalo wenyeji wake walilishika. Kennedy anamwambia kwamba Marekani haina vita na nchi inayochagua mfumo wake wa uchumi, mradi ibaki huru na iendelee kuwa na uchaguzi. Ukiishia hapo utadhani mambo yalikwenda vizuri.

Kisha ruka hadi 19 Februari 1962. Waziri wa Mambo ya Nje Dean Rusk anamwandikia mwenzake wa Uingereza, Lord Home, kwamba amefikia uamuzi kuwa haiwezekani kwa Marekani kuvumilia British Guiana huru chini ya Jagan. Anataka uchaguzi mwingine, na hakuna maneno ya kidiplomasia ya kuufunika ujumbe. Jibu la Home la wiki moja baadaye ni miongoni mwa karatasi bora za juzuu nzima: anamkumbusha Rusk kwamba ni Marekani iliyokuwa ikiwasukuma Waingereza waharakishe uhuru wa makoloni, na anauliza jambo hilo litafanyikaje katika demokrasia. Kwa msomaji aliyezoea kuiona London kama mkoloni mkaidi, barua hiyo inashtua kidogo. Isikulevye lakini. Home huyohuyo na wenzake hatimaye walitafuta njia, na wakaipata.

Sasa tazama tarehe. Ijumaa ya 16 Februari 1962, maandamano dhidi ya bajeti ya Jagan yaligeuka ghasia na sehemu ya katikati ya Georgetown ikateketea. Barua ya Rusk ni ya siku tatu baadaye. Juzuu haikupigii ngoma kuhusu ukaribu huo. Lazima uwe na kalenda ya matukio ya Georgetown mkononi. Hili ndilo kosa la kimuundo la FRUS kwa mada hii: inaonyesha Washington ikifikiri, haionyeshi mtaa ukiwaka. Mgomo mkuu wa siku 80 wa mwaka 1963, uliopinga muswada wa mahusiano kazini, humo unaonekana zaidi kama hali ya hewa kuliko kama tukio lenye watu. Vurugu za 1964, zilizoua watu zaidi ya 150 na kuwatenganisha majirani wenye asili ya Afrika na wenye asili ya India, zinapita kwa kasi ya telegramu.

Kumbukumbu ya mkutano wa Kennedy na Waziri Mkuu Macmillan pale Birch Grove, Uingereza, 30 Juni 1963, isomwe yote. Hapo ndipo hoja ya Kennedy inapotoka bila pazia: dola la pili la Kikomunisti katika eneo hilo, mwaka wa uchaguzi wa Marekani ukikaribia, lingeleta shinikizo kubwa la kuipiga Kuba kijeshi. Siasa za Ohio na Florida ziliamua mambo ya Demerara, eneo la Georgetown.

Miezi minne baadaye, 31 Oktoba 1963, Duncan Sandys, waziri wa makoloni, alitangaza London kwamba uhuru utasubiri na uchaguzi mpya utafanyika kwa uwakilishi wa uwiano, yaani viti kugawanywa kulingana na kura za kila chama. FRUS inakuonyesha kwa nini mfumo ulibadilishwa, ila haikuwekei hesabu mezani, na bila hesabu hujaelewa. Mwaka 1961, kwa majimbo, PPP ilipata asilimia 42.6 ya kura na viti 20 kati ya 35. PNC ya Burnham ilipata asilimia 41 lakini viti 11 tu. UF ya Peter D'Aguiar ikapata viti 4. Tarehe 7 Desemba 1964, kwa uwiano, PPP ilipanda hadi asilimia 45.8, ikapewa viti 24 kati ya 53. PNC ilipata 22 na UF 7. Jumlisha hao wawili: 29. Jagan alizidisha kura na kupoteza serikali. Aligoma kujiuzulu, London ikarekebisha katiba ili Gavana Richard Luyt aweze kumwondoa, na Burnham akaapishwa Desemba hiyohiyo. Chora jedwali la chaguzi hizo mbili kabla ya kusoma nyaraka za 1963; kila sentensi kuhusu "mabadiliko ya mfumo wa kura" itajieleza yenyewe.

Sura ya Guyana katika Juzuu ya XXXII inafunguliwa na dokezo la mhariri, waraka namba 370, na kama una dakika kumi tu kwenye tovuti nzima, zitumie hapo. Ndipo serikali ya Marekani inapokiri kwa maandishi yake kwamba kati ya 1962 na 1968 ilitumia takriban dola milioni 2.08 kwa operesheni za siri nchini humo. Kwa bajeti za vita baridi ni fedha ndogo. Kwa nchi iliyokuwa na wapiga kura laki kadhaa si ndogo hata kidogo.

Mwisho wa sura, nyaraka za 1968, ndipo wengi huchoka na kufunga. Wasifunge. Kufikia hapo Jagan amekuwa mtu wa pembeni katika majalada hayo, na tatizo jipya ni mtu waliyemweka wenyewe. Nyaraka zinaonyesha Washington ikifahamu mpango wa Burnham wa kujihakikishia ushindi kupitia kura za walio ng'ambo, ikinung'unika, na ikiendelea kumsaidia.

Mabano, na yaliyofichwa

Kila baada ya kurasa chache utakutana na mabano ya italiki yanayosema kwamba mstari mmoja, au mistari kadhaa, haijaondolewa usiri. Usiyapite. Wahariri hutaja urefu wa kilichokatwa, na urefu ni habari. Pengo lisilofika mstari mmoja katikati ya sentensi mara nyingi ni jina la mtu au la taasisi. Aya nzima iliyokatwa baada ya neno "chaguzi" au "vyama vya wafanyakazi" ni mpango. Soma pia dibaji ya Juzuu ya XXXII. Humo wahariri hueleza kazi ya kuondoa usiri ilivyokwenda, na ni kurasa ambazo karibu kila mtu anaziruka.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1991 inataka juzuu zitoke ndani ya miaka 30 na ziwe kamili na za kuaminika. Juzuu ya XXXII ilikuja miaka zaidi ya 35 baada ya matukio yake ya mwisho. Ugumu wa jalada hili uliwahi kulipuka hadharani mwaka 1994. Serikali ya Clinton ilifikiria kumpeleka Guyana kama balozi William Doherty, mtu wa harakati za vyama vya wafanyakazi zilizokuwa sehemu ya kampeni ya miaka ya sitini dhidi ya Jagan. Rais wa Guyana wakati huo alikuwa Jagan mwenyewe. Jambo lilizimwa, lakini magazeti ya Marekani yakagundua kwamba nyaraka za enzi ya Kennedy zilikuwa bado zimefungiwa kwa sababu Wizara na CIA hawakutaka zitoke. Juzuu ya XII ilitoka miaka miwili baadaye, ikiwa na matundu.

Kwa matundu hayo, usibaki FRUS. Taasisi ya National Security Archive, iliyopo Chuo Kikuu cha George Washington (ni taasisi binafsi ya utafiti, si idara ya serikali, jina linapotosha), iliweka mtandaoni Aprili 2020 mkusanyiko wa nyaraka kuhusu kuangushwa kwa Jagan. Ni mfupi, una utangulizi mzuri, na nyaraka zake ni picha za karatasi halisi, mihuri na mistari myeusi ikiwa palepale. Linganisha waraka uleule sehemu zote mbili. Mara nyingine kilichokatwa upande mmoja kimeachwa upande wa pili, kwa kuwa wakaguzi tofauti katika miaka tofauti hawakukubaliana juu ya siri ni ipi.

Kwa 1953, nenda Kew

FRUS haifai kwa mwaka 1953. Lilikuwa jambo la Waingereza na karatasi zake ziko The National Archives, Kew, magharibi mwa London. Orodha yao inaitwa Discovery na iko wazi kwa wote. Mifululizo miwili ndiyo ya kushika. CO 1031 ni ya Wizara ya Makoloni, idara ya West Indies: kumbukumbu za mawaziri, barua za gavana, mabishano ya kisheria. KV 2 ni ya MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, na humo mna makumi ya majalada ya Cheddi na Janet Jagan yaliyotolewa Agosti 2011: barua zilizofunguliwa njiani, simu zilizosikilizwa, taarifa za nani alikutana na nani London.

CO 1031 kwa kawaida inakulazimu kufika, kukata kitambulisho cha msomaji (bure, ila beba uthibitisho wa jina na wa anwani, viwili tofauti), kuagiza majalada na kuyapiga picha kwa kamera yako mwenyewe. KV 2 kwa sehemu kubwa imeshapigwa picha za kidijitali na hupakuliwa na mwenye akaunti.

Tatizo la KV 2 ni usomaji. Faili ni picha, kwa hiyo utafutaji wa maneno ndani yake hauna kazi. Majalada ya MI5 hupangwa karatasi mpya juu na ya zamani chini, hivyo ukianza ukurasa wa kwanza utasoma hadithi kinyumenyume. Mwanzoni mwa jalada kuna karatasi ya madokezo ya maofisa, yenye namba zinazolingana na namba zilizoandikwa kwenye barua na ripoti. Soma hiyo kwanza kutoka juu hadi chini, chagua namba zinazokuhusu, kisha ruka hadi kwenye ukurasa wa mwisho wa faili na urudi nyuma. Bila utaratibu huo watu huacha baada ya kurasa 40.

Kinachofanya jasho hilo lilipe ni hiki: majasusi waliowasikiliza akina Jagan kwa miaka hawakuona ushahidi kwamba PPP ilikuwa ikisaidiwa na chama chochote cha Kikomunisti cha nje. Askari walipelekwa hata hivyo. Ukirudi FRUS baada ya kulijua hilo, uhakika wa maofisa wa Washington wa 1961 utausoma kwa jicho jingine.

Sauti yake mwenyewe

Kasoro kubwa kuliko mabano ni kwamba katika juzuu hizi Jagan hazungumzi. Anaripotiwa. Hata katika mazungumzo ya Ikulu, aliyeshika kalamu ni Mmarekani. Konseli anaandika kwamba Premia "alionekana" hivi au vile. Arthur Schlesinger, mshauri wa Kennedy, anamwelezea kama mtu aliyepotoka lakini huenda akaokolewa. (Schlesinger huyo alikutana na Jagan New York mwaka 1990 na kumwomba radhi. Hilo FRUS haina, na haiwezi kuwa nalo.)

Dawa ni Cheddi Jagan Research Centre, kituo kilichofunguliwa 22 Machi 2000 katika Red House, High Street, mtaa wa Kingston, Georgetown. Ni nyumba ya mbao iliyovikwa vigae vya mti wa wallaba vilivyopakwa rangi nyekundu, na Jagan aliishi humo alipokuwa Premia. Tovuti yao, jagan.org, ina hotuba, makala, barua na picha. Kuna vingi vya miaka ya upinzani, kipindi ambacho majalada ya Marekani yanamsahau, na vya miaka ya urais. Tahadhari ni ileile kwa upande wa pili: kituo kiliasisiwa na mkewe na watu wake wa karibu, na kinamwenzi. Hutakuta hapo mjadala mkali kuhusu uamuzi wake wa kuuacha muswada wa kazi wa 1963 uendelee hadi mgomo ukakomaa, wala kuhusu kukubali kwake Sandys aamue peke yake suala la katiba, kosa ambalo wengi, wakiwamo waliompenda, wanaliona kubwa kuliko yote.

Anayepanga safari aulize kabla hajaenda. Jengo lenyewe limekuwa uwanja wa siasa: mwishoni mwa 2016 serikali ya Rais David Granger ilifuta mkataba wa pango na kukiamuru kituo kihame, na suala likapelekwa mahakamani.

Urais, ambao hakuna jalada lililoufikia

Kwa 1992 hadi 1997, FRUS ni sifuri. Utaanza na ripoti ya Carter Center kuhusu uchaguzi wa 5 Oktoba 1992, uliohudhuriwa na Jimmy Carter mwenyewe. PPP/Civic ya Jagan ilipata asilimia 53.5, PNC 42.3. Mfumo ulikuwa uleule wa uwiano uliobuniwa kumtoa. Jagan aliapishwa 9 Oktoba, miaka 39 kamili tangu Uingereza isimamishe katiba, akiwa na miaka 74.

Alirithi nchi yenye deni la nje la takriban dola za Marekani bilioni 2.1. Kwa hilo, tafuta taarifa za Paris Club, kundi la nchi wadai: Mei 1996 Guyana ilipata nafuu kwa masharti ya Naples, yaani kupunguziwa asilimia 67 ya deni linalostahiki. Kwa mtihani mgumu wa utawala wake, tafuta Agosti 1995, bwawa la mabaki la mgodi wa dhahabu wa Omai lilipopasuka na kumwaga maji yenye sayanidi kwenye mto Omai hadi Essequibo. Huyu ndiye Mkomunisti wa telegramu za 1962, sasa akiwa na mwekezaji wa kigeni wa madini mkononi na mto uliochafuliwa mbele yake. Anayesoma FRUS peke yake hatamtambua.

Hotuba za kipindi hicho kuhusu alichokiita Mpangilio Mpya wa Kibinadamu Duniani ziko jagan.org, azimio la Umoja wa Mataifa lililotokana na wazo hilo, namba 55/48 la mwaka 2000, linapatikana kwenye maktaba ya kidijitali ya Umoja huo kwa kuandika A/RES/55/48.

Alipata mshtuko wa moyo Februari 1997, akapelekwa hospitali ya jeshi ya Walter Reed mjini Washington, na akafariki 6 Machi. Samuel Hinds alishika nafasi, na Desemba mwaka huo Janet Jagan akawa Rais hadi Agosti 1999. Anayetaka kumfuata Janet ajue kwamba utafutaji wa "Jagan" katika FRUS humleta mara nyingi kama "mkewe", akisingiziwa kuwa ndiye ubongo wa mambo yote. Tafuta "Mrs. Jagan" na pia "Janet", maana faharasa haikumtendea haki, kisha nenda kwenye majalada ya KV 2.